Uzi Mwekundu kwenye Koti la Timazi

Cherehani iliingia nyumbani kwetu kabla hatujakubaliana pa kuiweka. Wabebaji wawili waliipitisha mlangoni kwa ubavu, mmoja akarudi kinyumenyume akakanyaga sufuria yangu, na mkwe wangu amesimama katikati ya chumba ameshika kichwa kama mtu aliyenunua ng'ombe bila kuwa na zizi.

"Mama, tuiweke wapi? Dirishani au mlangoni?"

"Dirishani," nikamwambia. "Mwanga hauna bei."

Kitanda changu kikasogezwa ukutani, meza ya chakula ikatolewa barazani, na kuanzia siku hiyo tulikula tumepakata sahani.

Ilikuwa cherehani ya kukanyaga kwa miguu, nyeusi, maandishi yake ya rangi ya dhahabu yamefutika karibu yote. Mkwe wangu alipewa na fundi mmoja mzee wa mtaa wa nyuma aliyekuwa anaacha kazi kwa sababu ya macho. "Ichukue," yule fundi alimwambia. "Mimi na hiyo tumeshachokana. Ila usiitukane, inasikia." Nilimwombea yule mzee mema usiku huo na siku nyingi baadaye, kwa sababu angeweza kuiuza, na wanunuzi walikuwepo.

Mwanangu wa kumzaa, mume wa huyu mkwe wangu, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Tukabaki watatu: mkwe wangu, mjukuu wangu, na mimi. Mjukuu tulimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukuwa na jioni. Mkwe wangu alifanya kazi kiwanda cha biskuti, upande wa kupakia. Alirudi nyumbani ananukia vanila mpaka kwenye nywele, na Chiriku akimkumbatia alimlamba mkono kumtania. Harufu ilikuwa tamu, lakini mshahara ulikuwa wa kula tu. Kodi ya nyumba aliilipa mwanangu alipokuwa hai, na sasa haikuwa na mwenyewe.

Ndipo kaka yake mkwe wangu akaja. Nataka nimseme kwa haki, kwa sababu hakuwa mtu mbaya. Aliketi kwenye kigoda, akanywa chai yote, kisha akasema mbele yangu, hakwenda kunong'ona nje.

"Dada, hamia kwangu. Kuna chumba kimoja kidogo, wewe na mtoto mtatosha."

"Na Mama?" mkwe wangu akauliza.

Kaka mtu akaangalia kikombe. "Chumba ni kimoja, dada. Wewe mwenyewe unakijua."

Mimi nilisema maji yamechemka, nikatoka. Maji hayakuwa yamechemka. Nikiwa jikoni nilimsikia mkwe wangu akisema, "Nipe mpaka shule zifungwe. Nitaanza kushona hapa nyumbani nikitoka kiwandani. Kushona kukibeba kodi, nabaki na Mama. Kukishindwa, nitakuja, sitakusumbua."

Hilo ndilo lililoleta cherehani. Nilijua kila anapokanyaga pale chini, ananikanyagia mimi.

Aliamka alfajiri akashona kabla ya gari la kiwanda kupita, na akirudi alasiri alinawa mikono, akabadilisha gauni, akakaa tena dirishani mpaka mwanga ulipokwisha. Jumamosi na Jumapili zilikuwa za cherehani mchana kutwa. Mimi nilishona vifungo na kukunja pindo kwa mkono, na nyuzi zilizofumuliwa niliziokota sakafuni nikaziweka ndani ya kopo la biskuti, maana zilifaa kujaza vimto vya kuchomekea sindano. Kazi ya kutunga uzi kwenye sindano ilikuwa yake, kwa kuwa mimi tundu la sindano silioni tena, naona sindano nzima kama unywele. Kila asubuhi kabla ya kuondoka alinitungia sindano kadhaa za rangi mbalimbali akazichomeka kwenye kimto, nisije nikakwama mchana. Hakuwahi kunikumbusha kwamba ananifanyia. Nilizikuta tu.

Mteja wa kwanza alikuwa jirani wa mlango wa pili, mama mnene mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Alileta sketi yenye zipu mbovu. Aliporudi kuichukua alikuta zipu mpya, pindo lililokuwa limeachia limeshonwa, na kifungo cha pili kimefungwa kukisaidia cha kwanza.

"Mbona mimi nimeleta zipu tu?"

"Hivyo vingine ni nyongeza," mkwe wangu akamwambia. "Nguo haitoki humu ndani na aibu."

Yule jirani akatoka nje akatangaza. "Jamani, huyu fundi ukimpelekea mtoto akamnyoe, atamrudisha amenyolewa, ameogeshwa, amekatwa na kucha!"

Watu wakacheka, na watu wakaja. Hiyo ndiyo ilikuwa njia yake ya kufanya kazi. Hakuuliza. Akiona mshono umelegea anaukaza, akiona kiraka kibaya anakifumua na kuweka kizuri, bure, na mteja anagundua nyumbani kwake. Nadhani aliona kwamba mtu mwenye nguo mbovu ana mambo yake mengi, na si vizuri kumwongezea la kuulizwa. Alikuwa hivyo tangu aolewe. Hata mimi nilikuta visigino vya kandambili zangu vimegundishwa, sikumwambia mtu kama vimeachia.

Mwishoni mwa barabara yetu walikuwa wanajenga ghorofa, na msimamizi wa waashi alikuwa mtu mrefu, mkimya, amenyooka kama ameshushwa kwa kamba. Vijana wake walimwita Timazi, jina la ile kamba yenye uzito wanayopimia ukuta. Jumamosi moja aliinama mlangoni kwetu, akanisalimia, "Shikamoo, bibi," akavua kofia yenye vumbi la saruji akaikung'utia nje kwanza kabla ya kuingia. Hilo nililiona.

Alikuwa na koti la kazi la rangi ya kahawia. "Zipu imekufa," alisema. "Na kuna jambo jingine. Vijana wangu wote wanahitaji ovaroli. Tajiri ameniachia nitafute fundi. Nataka kuona mkono wako kwanza."

Mkwe wangu alipokea koti kwa mikono miwili. Mimi nikiwa na kifungo mdomoni nilihesabu kichwani vijana ninaowaona wakipanda yale majukwaa kila siku, nikashindwa, ila nilijua ni kodi ya kupita hata siku ya kufunga shule. Chiriku akamwuliza mgeni kama anaweza kushika dari. Timazi akanyoosha mkono akaishika, bila kucheka, akashusha mkono. Chiriku akafurahi kama ameonyeshwa sarakasi.

Kwenye kiwiko cha lile koti kulikuwa na kiraka cha buluu. Kimeshonwa kwa uzi mwekundu, hatua kubwa, moja inakwenda huku, nyingine kule, kama kuku aliyekanyaga wino akapita. Mkwe wangu alikigusa.

"Na hiki?"

Timazi akakifunika kwa kiganja, akasema, "Zipu tu."

Sisi wote wawili tulidhani anaona aibu. Mtu mzima, msimamizi, anavaa kiwiko cha namna ile mbele ya vijana wake, na labda hataki gharama iongezeke. Alipoondoka mkwe wangu alinitazama macho yanang'aa. "Mama, huyu nitamshangaza."

Akachukua wembe, akafumua. Ule uzi mwekundu ulitoka bila shida, mrefu, kwa sababu hatua zake zilikuwa kubwa. Chiriku akauomba, akamfunga nao mwanasesere wake nywele. Mkwe wangu akakata kitambaa kidogo cha kahawia kutoka ndani ya pindo la koti lenyewe, pasipoonekana, akakiweka kiwikoni na kukishona kwa hatua ndogondogo mpaka nilipopitisha kidole sikuujua mwisho wa koti wala mwanzo wa kiraka. Akapiga pasi. Kile kipande cha buluu akafutia mafuta ya cherehani, maana kilikuwa karibu. Nasema kweli, sijaona kazi nzuri kama ile. Mwanangu angekuwa hai angelivaa lile koti akatembea nalo tu barabarani kumsifia mke wake.

Timazi alirudi Jumamosi iliyofuata. Alivaa koti palepale, akapandisha zipu, akashusha, akapandisha. "Safi," akasema. Kisha mkono wake wa kulia ukaenda kwenye kiwiko cha kushoto, kama mtu anavyogusa mfuko kuona kama ufunguo upo. Ukapapasa. Ukarudi tena pale pale. Akakunja mkono atazame.

"Kiraka kiko wapi?"

"Nimekiondoa!" mkwe wangu akasema kwa furaha. "Kilikuwa kimeshonwa ovyo, nikasema mtu wa heshima kama wewe haiwezekani. Usijali, hiyo sikuhesabii, ni nyongeza."

Timazi akaketi kwenye kigoda. Alikuwa mrefu mno kwa kile kigoda, magoti yakampanda kifuani.

"Alikishona binti yangu," akasema.

"Haya basi mlete," mkwe wangu akasema, bado anacheka, "nimfundishe. Huwezi jua, atakuwa fundi kuliko mimi."

"Hayupo."

Hata Chiriku alinyamaza, na hilo halikuwa jambo dogo.

"Alikuwa anaanza kubadilisha meno," Timazi akasema. Aliongea akikitazama kiwiko. "Nilikuwa nimerudi kazini nimechoka, nimelala mchana pale kwenye mkeka. Akachukua sketi yake ya shule iliyombana, akakata kipande, akanishonea. Alitaka nikiamka nikute tayari. Nikaamka, nikavaa, mkono haupiti. Kumbe ameshona upande wa huku na upande wa huku pamoja, mkono mzima umefungwa! Tulicheka, bibi. Mama yake alicheka mpaka akakaa chini. Tukafumua kidogo, akarudia mwenyewe, akasema mtu mwingine asiguse." Akakipapasa kiwiko. "Homa ilimpata mvua zilipoanza."

Mkwe wangu alikuwa ameweka mkono mdomoni. Akafungua droo ya cherehani akatoa kile kipande cha buluu. Kilikuwa na mafuta meusi katikati, alama ya vidole vyake. Akataka kwenda kukiosha. Timazi akasema haraka, "Usikioshe, mama. Usikioshe."

Mimi nikalichukua kopo la biskuti nikalimwaga kitandani, nikaanza kutafuta rangi nyekundu kati ya nyuzi zote zile. Nilikuwa nimesahau. Chiriku ndiye aliyekwenda pembeni kimya kimya, akafungua nywele za mwanasesere, akamletea Timazi ule uzi kwenye kiganja. Hakuna aliyemtuma. Mwanasesere akabaki kichwa wazi, na Chiriku hakumsikitikia hata kidogo, alimsikitikia yule mtu mrefu.

"Matundu bado yapo," mkwe wangu akasema. "Kitambaa hakisahau upesi. Nitafuata matundu yake yale yale."

Akafumua kazi yake yote nzuri. Akaweka kile cha buluu, akatunga uzi mwekundu, akaanza kushona kwa mkono, huku anatafuta tundu moja moja kwa ncha ya sindano. Timazi alikaa akimtazama. Mkwe wangu alijitahidi kukosea. Nilimwona. Alipeleka sindano upande kama mtoto anavyopeleka, akavuta uzi kwa nguvu mahali, akaulegeza mahali. Lakini mkono uliokwisha kujifunza haukubali. Kila hatua ilijinyoosha yenyewe. Mafundo yalikaa yalipotakiwa. Alipomaliza, kiraka kilikuwa cha buluu, uzi ulikuwa mwekundu, matundu yalikuwa yale yale, na sote tuliona kwamba ni kazi ya mtu mzima.

"Asante," Timazi akasema. "Umejitahidi, mama. Mungu akubariki."

Akalipa zipu. Mkwe wangu alikataa, yeye akaiweka hela juu ya cherehani. Uzi kidogo uliobaki niliuzungushia kwenye kipande cha boksi nikampa, akautia mfuko wa shati. Hakulivaa koti, alilikunja akaliweka mkononi, kile kiraka kikiwa ndani. Mlangoni akaniambia, "Shikamoo, bibi," kana kwamba ndiyo kwanza anaingia. Nikaitikia.

Habari za ovaroli hakuzitaja, na sisi hatukuuliza.

Zikapita Jumamosi. Kila aliyeinama mlangoni tulidhani ni yeye, na ni watu wachache sana wanaoinama mlango ule. Nilimwambia mkwe wangu, "Nenda kamwone, mwanangu. Hana hasira na wewe."

"Niende nikamwambie nini, Mama? Nimekupotezea kitu cha mtoto wako, sasa naomba kazi?"

Mimi nilipopita pale kwenye jengo nilimwona juu, ameshika kamba ya timazi anapima ukuta. Alinipungia mkono kwa adabu kisha akageuka upande wa pili. Sikumlaumu. Kuna wakati nilikuwa nikikutana na dereva aliyefanya kazi na mwanangu navuka barabara, na yule dereva hakuwahi kunikosea lolote.

Lakini kitu kingine kiliharibika, na hicho kilikuwa humu ndani. Mkwe wangu aliogopa wembe. Mtu akileta nguo alianza kumuuliza kila kitu. Hiki kifungo nikiache? Hili doa je? Huu uzi mweupe umeutia wewe au nani? Umetaka zipu tu, kweli, zipu tu? Watu walicheka kwanza. Jirani wetu wa mlango wa pili akasema, "Fundi, naona sasa mpaka uniite kituoni nitoe maelezo." Alikuwa anatania, ila hakuna aliyependa kuhojiwa juu ya sketi. Nguo zikaanza kukaa. Alizitazama, akazigeuza, akaziweka. Akishona mshono mmoja anasimama, anaupapasa, kama anasikiliza kama kuna mtu ndani yake. Wateja wakapata fundi mwingine karibu na sokoni, kijana mwepesi wa mkono asiye na maswali. Na nyongeza ilikuwa imekufa kabisa. Aliambiwa zipu, anaweka zipu, kifungo kinachoning'inia anakiacha kinaning'inia.

"Mwanangu, hiki kifungo kinaanguka," nikamwambia siku moja.

"Hawakusema, Mama."

Shule zikafungwa.

Kaka yake alikuja asubuhi na gari la mizigo la kuazima. Aliniletea kandambili mpya na tochi. Kabla hata ya kupakia aliona komeo la mlango wangu limelegea, akaenda kwenye gari akachukua bisibisi akalikaza. Alifanya kazi ile polepole, akiwa ameinamisha uso. Nilielewa kwamba anaomba radhi kwa bisibisi.

Mwenye nyumba, mjane kama mimi, alikuwa amenipa chumba cha nyuma, kile cha kuwekea ndoo, kwa bei ya kunionea huruma. Tulihamishia kitanda changu huko na cherehani, maana kwa kaka mtu hakukuwa na nafasi yake. "Nitaifuata nikipata pa kuiweka," mkwe wangu alisema. Nikasema sawa. Tuliifunika kwa shuka.

Kaka yake akapakia magodoro, sufuria, begi la shule. Chiriku alizunguka nyumba nzima akiaga vitu: dirisha, bomba, paka wa jirani. Mkwe wangu yeye alikaa kitandani kwangu na kimto cha sindano. Nilidhani anapumzika. Alikuwa anatunga. Alichukua kila sindano iliyokuwa humo ndani ya nyumba, akatunga nyeusi, nyeupe, kahawia, buluu, kijani, akaacha uzi mrefu kila moja, mrefu kuliko kawaida, akafunga fundo mwishoni, akazichomeka moja moja mpaka kimto kikafanana na nungunungu. Kaka yake akapiga honi mara ya kwanza. Akaendelea. Kaka yake hakupiga tena.

"Zitakutosha muda, Mama," akasema.

"Zitanitosha."

"Zikiisha?"

"Nitamwita mtoto yeyote anitungie. Watoto wana macho."

Akapiga magoti akaniwekea kichwa mapajani. Vanila haikuwepo. Alikuwa ameacha kiwanda tangu mwisho wa mwezi, nywele zake zilinuka sabuni tu. Nilimshika kichwa mpaka aliponyanyuka mwenyewe. Chiriku aliniambia nisilie kwa sababu atakuja kesho. Nikamwambia nakusubiri. Gari lilipoondoka alikuwa bado anaongea.

Timazi alikuja baadaye, Jumapili moja, mvua zimekwisha. Aliinama mlango wa mbele akakuta wapangaji wapya, wakamwelekeza nyuma. Begani alikuwa na mzigo mkubwa wa kitambaa cha ovaroli, cha kijani kizito, amekifunga kwa kamba. Koti alikuwa amelivaa.

"Shikamoo, bibi. Namtafuta fundi." Akauweka mzigo chini. "Ningekuja mapema. Mwili ulikuwa mzito. Vijana wamenisubiri, wamevaa matambara muda wote huu, nikawaambia fundi ni yule yule, nimeuona mkono wake."

Nikamkaribisha kitandani, maana kigoda kilikwenda na gari. Akaiona cherehani chini ya shuka.

"Amehama, mwanangu," nikamwambia. "Amehamia kwa kaka yake."

Alifikiri. Alikuwa mtu wa kufikiri polepole, kama anavyojenga.

"Ni kwa sababu yangu?"

"Ni kwa sababu ya kodi," nikamwambia. Na hilo lilikuwa kweli pia.

Alitoa simu yake, akaniomba namba, tukampigia. Simu ilikaa katikati yetu, sauti imefunguliwa. Nilimsikia mkwe wangu akipumua, na nyuma yake watoto wengi wa nyumba ya kaka yake, na Chiriku juu yao wote. Timazi akamweleza habari ya kitambaa.

"Nimepata kazi huku, kaka," mkwe wangu akasema. "Nafua na kupika kwenye nyumba ya watu, nalala huko huko mpaka Jumapili. Chiriku ameanza shule. Nikimtoa sasa…" Hakumaliza. "Mama yupo hapo?"

"Nipo," nikasema.

"Sindano bado zipo?"

"Zipo nyingi tu."

"Nisamehe, kaka," akamwambia Timazi. "Kwa kile kiraka."

"Mbona ulikirudisha, mama," Timazi akasema. "Mbona ulikirudisha vizuri." Akaishika simu kwa muda hata baada ya kukatika.

Alipotaka kuondoka niliona ile pembe moja ya kiraka imeachia. Mkwe wangu siku ile alipojitahidi kukosea, pale peke yake alifanikiwa, fundo likawa legelege. Nikamwonyesha. Timazi akavua koti, akatoa kile kipande cha boksi mfukoni mwa shati. Ule uzi mwekundu ulikuwa bado upo, nadhani aliuhamisha kutoka shati hadi shati.

"Nipe nikushonee," nikasema. Kisha nikasema, "Au shona wewe."

Alitazama vidole vyake. Vilikuwa vinene, vimepasuka kwa chokaa. Alitunga uzi kwa shida kubwa, ametoa ulimi nje, akakosa, akaulowanisha, akakosa tena, mpaka ukapita. Akashona ameinama kabisa, hatua moja huku, nyingine kule. Alijichoma, akasonya, akaendelea. Alipomaliza akakata uzi kwa meno akaingiza mkono avae. Mkono ukakwama kwenye kiwiko.

Alikuwa ameshona upande wa huku na upande wa huku pamoja.

Akabaki vile, mkono umeishia ndani ya koti. Akaanza kucheka, mabega yakicheka bila sauti, kisha mabega yakawa yanafanya kitu kingine. Mimi nilitazama dirishani. Baadaye nikanyoosha mkono kuchukua wembe nimfumulie.

"Acha, bibi," akasema. "Acha kwanza hivyo hivyo."

Alitoa mkono taratibu, akalitundika koti begani. Mzigo wa kitambaa akauchukua tena, maana vijana hawawezi kuendelea kungoja, akasema atampelekea yule kijana wa sokoni. Kabla ya kutoka alikitazama kile kimto. Sindano zilizokwisha uzi zilikuwa zimesimama tupu, nyingi kuliko nilivyosema kwenye simu. Hakuuliza. Akaketi tena, akazitunga zote kwa vile vidole vyake, moja moja, na nyingine nyuzi zake zilikuwa fupi mno lakini sikumwambia.

Hizo ndizo ninazotumia sasa. Zile za mkwe wangu ilibaki moja tu, nyeupe, uzi wake mrefu na fundo lake safi mwishoni. Kifungo cha gauni langu kimekatika, gauni ni jeupe na uzi ni ule ule unaotakiwa. Nimelifunga kwa pini.